Debrifingi imekwama: tafuta chanzo kwa kuanzia dalili unayoiona

Saa nne asubuhi, chumba cha mazoezi, Bukavu. Manekeni bado yuko kitandani, maji ya rangi nyekundu yanadondoka kwenye ndoo iliyo chini, na wanafunzi saba wa ukunga wameketi nusu duara, glavu zikiwa bado mikononi. Zoezi la mama anayevuja damu baada ya kujifungua limekwisha dakika mbili zilizopita. Mwalimu anauliza: "Mnajisikiaje?" Wanaitika kwa pamoja: "Vizuri, Mwalimu." Kimya kinaingia. Mwalimu anaanza kuhutubia, na dakika ishirini zinakwisha.

Mwalimu huyo nilikuwa mimi, na baadaye nimewaona wengine wengi wakikwama palepale. Debrifingi, yaani mazungumzo yanayofuata zoezi la kuigiza, ndipo mwanafunzi anapoelewa alichokifanya na kwa nini alikifanya. Zoezi lenyewe linamwamsha tu. Ndiyo maana inaniuma kuona manekeni, seromu, sindano na saa nzima ya maandalizi vikiishia kwenye hotuba.

Mwongozo huu ni wa walimu wa shule za uuguzi na ukunga, na wa wauguzi wanaofundisha wenzao hospitalini. Tafuta dalili inayofanana na yako, kisha kagua visababishi kwa mpangilio nilioupanga. Nimetanguliza vinavyotokea mara nyingi na vinavyorekebishwa bila senti. Jiandae kwa jambo moja: dalili huonekana kwa wanafunzi, lakini ukifuatilia, mara nyingi chanzo utakikuta kwa anayeongoza. Nalisema kwa kuwatia moyo walimu wenzangu, maana huwezi kubadilisha kikundi kizima kwa asubuhi moja, ila swali lako unaweza kulibadilisha sasa hivi.

Dalili: unauliza, hakuna anayejibu

Kwanza kagua kama ulingoja. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu hungoja baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde 1. Walipofundishwa kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na wanafunzi waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Kwenye debrifingi ngoja zaidi ya hapo, kwa sababu mtu aliyetoka kuhangaika na mgonjwa, hata wa plastiki, anahitaji muda wa kurudi. Uliza, kisha hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Usiwakodolee macho, tazama sakafu au karatasi yako. Utaona sekunde hizo ni ndefu mno, lakini wao hawazioni hivyo.

Kama ulingoja na bado kimya, kagua lugha. Hapa kwetu jambo hili linapita bila kuonekana, kwa sababu tumelizoea. Tunafundisha kwa Kifaransa, mtihani ni wa Kifaransa, jalada la mgonjwa linaandikwa Kifaransa. Lakini mkunga anapomwambia mama asukume, anasema Kiswahili, na mama akitoka Kabare au Walungu, mara nyingi ni Mashi. Hofu ya mwanafunzi wakati damu inatoka haikumjia kwa Kifaransa. Ukimuuliza kwa Kifaransa cha darasani ni nini kilimshinda, anafanya kazi mbili kwa pamoja: kukumbuka, na kutafuta sentensi isiyo na kosa la sarufi. Wengi wanaamua kunyamaza. Siku niliyofungua debrifingi kwa Kiswahili, yule niliyemdhania mvivu ndiye aliyesema wa kwanza. Darasa letu lina watoto wa Shabunda wanaosema Kirega na wa Kalehe wanaosema Kihavu au Kitembo. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Majina ya dawa na vipimo yaache kama yalivyoandikwa kwenye ampule, yasije yakaleta mkanganyiko. Hisia na mawazo yaje kwa lugha yanayotaka kujia.

Kagua pia nani yumo chumbani. Daktari au muuguzi mkuu akiwa kwenye duara, wadogo wote wanamngojea yeye. Niliwahi kumuuliza mwanafunzi kwa nini hakuita msaada alipoona damu inazidi. Akainamisha kichwa: "Mwalimu, mi nilizania Dokta njo atasema." Daktari alikuwa pembeni yake, naye akashtuka. Yeye alinyamaza kwa kudhani wakunga wanaidhibiti hali, na wakunga walinyamaza kwa kumheshimu. Damu ingekuwa ya kweli, heshima hiyo ingegharimu uhai wa mama. Usimfukuze mkubwa, zungumza naye kabla. Mwambie: "Dokta, nakuomba leo uwe wa kwanza kusema, na useme kitu kimoja ambacho hukuwa na uhakika nacho." Mkubwa akikiri shaka yake mbele ya wadogo, duara lote hulegea. Sijawahi kuona daktari akipoteza heshima kwa hilo. Akikataa, muombe akae nje ya duara aandike nyakati, ambayo pia ni kazi ya maana.

La mwisho kwenye dalili hii ni pointi na simu. Kama mwanafunzi anajua kwamba anachokisema kitaingia kwenye daftari la pointi, ana haki ya kunyamaza. Tenganisha siku ya mtihani na siku ya zoezi, na uitaje tofauti hiyo kwa sauti kabla manekeni hajaguswa. Simu zizimwe na ziwekwe mezani. Video ya mwanafunzi anayetetemeka ikishaingia WhatsApp, hutapata tena neno la kweli kutoka kwa darasa hilo mwaka mzima.

Dalili: unaongea kuliko wao

Mwalimu mwenyewe haioni dalili hii, kwa hiyo usijipime kwa kumbukumbu. Mwombe mwenzako akae nyuma na daftari. Achore duara, aweke alama ya kila mtu pale alipokaa, na kila mtu anaposema avute mstari hadi kwa yule aliyesemeshwa. Mwisho mtazame mchoro. Kama mistari yote inatoka kwako na kurudi kwako mfano wa miale ya jua, ulikuwa unahoji. Kama imepishana kama wavu, walikuwa wanazungumza. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa jua kamili, na wanafunzi wawili hawakuwa na mstari hata mmoja. Daftari hilo ninalo mpaka leo.

Chanzo mara nyingi ni mwili wako: umesimama, wao wameketi, ubao uko nyuma yako. Keti. Kiti chako kiwe sawa na chao. Jibu likija kwako, usilitathmini, lipitishe kwa mwingine: "Wewe uliyekuwa kwa mtoto, uliliona hilo kutoka pale ulipokuwa?" Kingine ni maswali yanayojibiwa ndiyo au hapana, ambayo yanakulazimisha kuuliza jingine haraka, na jingine, hadi inakuwa mahojiano ya polisi.

Dalili: wanabahatisha jibu lililo kichwani mwako

Unauliza, "Ni kitu gani tulikisahau?" Mmoja anasema glavu. Unatikisa kichwa. Mwingine anasema kupima presha. Unasema, "Karibu." Wa tatu anataja seromu. Wewe ulikuwa unataka oksitosini, sindano inayokaza tumbo la uzazi ili damu isivuje.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu tatizo hili linawapata walimu wema, wale wasiotaka kumuumiza mtu. Umeona kosa, una maoni juu yake, lakini unayaficha nyuma ya swali ili mwanafunzi aliseme mwenyewe. Mwanafunzi anahisi kuna kitu umeficha, na badala ya kufikiri juu ya mgonjwa anaanza kufikiri juu yako. Mwaka 2006 Jenny Rudolph na wenzake wa Boston waliandika kwamba debrifingi isiyo na hukumu haipo: hukumu unayo, na ukiificha inavuja usoni na kwenye sauti. Walipendekeza mwalimu aseme wazi alichokiona na anachokifikiri, kisha aulize kwa kutaka kujua kweli.

Kwa Kiswahili naifanya kwa hatua tatu: niliona, nawaza, nisaidie.

Tuchukue ile oksitosini. Yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika 1 baada ya mtoto kutoka na baada ya kuhakikisha hakuna mtoto mwingine tumboni, ndicho tunachofundisha. Kwenye zoezi moja, mwandika nyakati alionyesha kwamba sindano iliingia dakika ya nne. Zamani ningesema, "Mbona umechelewesha sindano?" Safari hii nilimwambia mwanafunzi aliyekuwa na kazi hiyo: "Niliona sindano imeingia dakika ya nne. Nawaza kwamba katika dakika hizo tumbo la uzazi lingeweza kulegea na mama akapoteza damu nyingi, kwa hiyo lilinitia wasiwasi. Nisaidie kuelewa, ulikuwa unafikiria nini wakati ule?"

Akafikiri. Kisha akasema: "Mwalimu, nilikuwa natafuta funguo. Kule kwetu kwa staji, banafungiaka dawa mu kabati, na funguo inabakiaka na mkubwa."

Mezani pale hapakuwa na kabati wala ufunguo. Oksitosini ilikuwa kwenye sinia, mbele yake. Lakini mikono yake ilikuwa imefundishwa na chumba kingine, na kwa dakika nne ilitafuta kilichozoeleka kule. Ningempa hotuba juu ya umuhimu wa oksitosini angeniitikia vizuri, maana umuhimu huo anaujua, hata kipimo alikitaja bila kusita. Tatizo lilikuwa ufunguo. Na kumbe wanafunzi wengine wanne walikuwa na habari ya ufunguo wao: friji iliyo chumba cha mbali kwa sababu dawa hiyo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, umeme uliokatika, mlinzi aliyeondoka na funguo zote. Tulitumia muda uliobaki kupanga jinsi ya kuwa na oksitosini tayari kabla mama hajaanza kusukuma, na nani amfuate mwenye ufunguo, na kwa maneno gani, bila kumvunjia heshima.

Hatua hizi tatu zina mitego. Wa kwanza ni neno mbona. Kwenye Kiswahili chetu, "mbona hukufanya" tayari ni kesi, na "kwa nini hukufanya" haiko mbali nayo. Tumia "ilikuwaje", "uliona nini", "ni nini kilikufanya uanze na hilo". Wa pili ni kutaja alichowaza yeye badala ya ulichoona wewe. "Niliona umeogopa" si kitu ulichoona. Ulichoona ni mikono iliyosimama. Wa tatu, mwalimu anasema niliona na nawaza vizuri kabisa, kisha anauliza na kujijibu. Kama hutaki kujua kweli, usiulize. Toa maelekezo moja kwa moja, kwa upole, uendelee. Kuna makosa yanayotaka hivyo: mwanafunzi asiyejua kipimo cha dawa hana siri moyoni ya kuchimbuliwa. Mwambie kipimo.

Dalili: mwanafunzi analia

Simamisha uchambuzi. Usimuulize mbele ya wote analilia nini.

Wakunga tunaowafundisha hawajatoka hewani. Huyu dada yake alifariki kwa kujifungua, yule alizika mtoto, mwingine alikuwa zamu usiku ambao hapakuwa na damu ya kuongeza. Na katika mji uliotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, usidhani unajua kilichomo moyoni mwa mtu aliyeketi mbele yako. Manekeni ni plastiki, lakini sauti ya mama anayelia huenda mwanafunzi aliisikia kwingine.

Ndiyo maana napenda tuongoze wawili wawili. Mmoja anatoka naye taratibu, anampa maji, anakaa naye bila kumhoji, anamuuliza angetaka nani awe naye. Mwingine anabaki na kikundi na kusema kwa maneno machache: "Mwenzetu amepata uzito, yuko na mwalimu, tutaendelea naye akipenda." Kabla siku haijaisha, mtafute. Kesho yake pia.

Usijaribu kuigeuza debrifingi kuwa matibabu ya jeraha hilo. Mkanganyiko huu ni mkubwa hapa Kivu, maana neno hilohilo tunalisikia kwa watu wa misaada wanaporudi kutoka safari ya hatari, na tunalisikia kwa wanasaikolojia. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kumkalisha mtu aliyetoka kupatwa na mkasa ili asimulie yote kwa kikao kimoja; linapendekeza huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake ulitoka 2011, na kiini chake ni kutazama, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada. Mwalimu wa ukunga anaweza kufanya hayo matatu. Kuchimba jeraha aliachie mwenye ujuzi.

Kinga yake iko kabla ya zoezi. Waambie linahusu nini: "Leo tuna mama anayevuja damu. Ukiona linakuzidi, inua mkono, utatoka, hakuna atakayekuuliza." Na usimuue manekeni kwa kushtukiza. Nimeona walimu wakifanya hivyo ili wanafunzi waone uzito wa kazi. Uzito wanaujua.

Dalili: kila kitu kilikuwa kizuri

Wote wanasifiana, na wewe umekubali kwa sababu ni Ijumaa. Hapa kinachokosekana ni kipimo. Maoni bila kipimo huwa adabu tu, na sisi adabu tunayo nyingi.

Jaribu hivi. Zoezi likiisha, kabla mtu hajasema neno, mpe kila mmoja kipande cha karatasi aandike mama alipoteza damu kiasi gani kwa mililita. Kusanya, soma bila majina. Mara moja nilipata 200, 300, 300, 350, 400, na mmoja aliandika 1,000. Kisha nikachukua ile ndoo, nikamimina kwenye jagi lenye alama, taratibu, wote wakiangalia. Ikapita 500, ambako tunaanza kuhesabu kuwa mama anavuja damu kupita kiasi. Ikapita 600. Ikasimama 750. Hakuna aliyekuwa amesema neno, na hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba macho hupunguza damu. Aliyeandika 1,000 alikuwa yule mkimya kuliko wote, na mara moja kikundi kikamgeukia kumuuliza aliona nini. Mengine yote yalijiendesha.

Vivyo hivyo kwa nyakati: mtu mmoja aandike dakika ya kila tendo, karatasi iwekwe katikati ya duara. Chagua mambo mawili ya kuzungumzia, basi. Saba hayataingia.

Dalili: walizungumza vizuri, kesho wanarudia kosa lilelile

Hawakupewa nafasi ya kujaribu tena. Gawanya muda: zoezi, debrifingi fupi, zoezi tena. Kama una saa moja tu, fupisha maneno kabla hujafuta marudio.

Na tofautisha kosa la mikono na kosa la uamuzi. Mtoto mchanga asiyepumua anataka aanze kupuliziwa hewa ndani ya dakika 1 ya kwanza, ile tunayoiita dakika ya dhahabu, kama mara 40 kwa dakika, kifua kikiinuka. Kifua kisipoinuka, duara la mazungumzo halisaidii kitu. Simamisha palepale, rekebisha kichwa cha mtoto, kaza barakoa usoni, "tena", na tena, hadi mkono uzoee. Huko Johns Hopkins, Baltimore, Elizabeth Hunt na wenzake walieleza mwaka 2014 namna hii ya kusimamisha, kurekebisha na kurudia mara nyingi kwa muda mfupi. Maswali ya nani alipaswa kuita msaada, au kwa nini wawili walifanya kazi moja, hayo ndiyo ya duara.

Dalili: umeme umekatika, video haichezi

Endelea. Utafiti uliofanywa Kanada kwa madaktari wanaojifunza kutoa usingizi, ukatangazwa 2006, ulilinganisha maelekezo ya mdomo na ya mdomo pamoja na video, na video haikuongeza faida. Fungua dirisha, sogezeni viti kwenye mwanga.

Dalili: miaka inapita, na mwalimu hakui

Hii ndiyo niliyotaka kuifikia. Semina ya siku mbili inakupa maneno, na unarudi nyumbani na cheti. Baada ya mwezi umerudia hotuba yako ya zamani, kwa sababu hakuna aliyekuwepo kukuona. Hatungemruhusu mkunga aanze kuzalisha kwa cheti cha siku mbili bila mtu wa kusimama pembeni yake, lakini mwalimu tunamwacha peke yake na kikundi mwaka hata mwaka.

Anza na kadi mfukoni. Usione haya kuisoma. Mwaka 2013 Adam Cheng na wenzake walitangaza utafiti wa vituo vingi juu ya mafunzo ya kufufua watoto: walimu wasio na uzoefu waliofuata maneno yaliyoandikwa tayari, wanafunzi wao walijua zaidi, na viongozi wa vikundi wakaongoza vizuri zaidi, kuliko wale walioongozwa bila kadi. Kadi yangu ina mistari minne. Mmeondoka na hisia gani? Tukumbushane kilichotokea, kwa sentensi mbili. Niliona, nawaza, nisaidie. Kila mmoja aseme kitu kimoja atakachokifanya kwenye zamu yake ijayo. Mpangilio huo wa hatua nne si wangu. Unafanana na ule ambao Walter Eppich na Cheng waliuchapisha 2015 kwa jina la PEARLS. Mimi niliutafutia Kiswahili tu.

Pili, jirekodi sauti, kwa idhini ya kila aliyemo, na uifute baada ya kuisikiliza. Mimi nilisikiliza jikoni, nikisonga bugali. Ndani ya dakika tano nilijisikia nikisema "sindiyo?" mwishoni mwa karibu kila sentensi, na kila mara darasa likiitika "ndiyo". Nilikuwa nimewafundisha kuitika. Hakuna mkufunzi aliyewahi kuniambia hilo. Ilibidi nizime moto nisikilize tena.

Tatu, mtafute mwenzako mmoja, mpeane zamu. Wiki hii wewe unaongoza, yeye anaandika; wiki ijayo mnabadilishana. Wanafunzi wakitoka, mkae dakika kumi, naye akuongoze wewe kwa hatua zilezile: aliona nini, anawaza nini, kisha akuulize. Mchague jambo moja la kubadilisha mara ijayo, moja tu. Kuna vipimo vilivyokwisha kutengenezwa kwa kazi hii: DASH ya Boston ina vipengele 6, kila kimoja kinapimwa kuanzia 1 hadi 7, na OSAD ya London ina vipengele 8, kuanzia 1 hadi 5. Ni vizuri kuvijua, hasa mkifika pale mnapotaka kulinganisha mwezi huu na ule uliopita. Lakini ukisubiri kuvitafsiri vyote ndipo uanze, hutaanza.

Dalili ndogo ndani ya hii: mwenzako naye anakuambia, "Ulifanya vizuri sana, Mwalimu." Ni ugonjwa uleule wa darasani, na dawa yake ni ileile, kipimo. Usimuombe maoni, muombe hesabu. Ahesabu sekunde ulizongoja baada ya kila swali. Aandike jina la kila aliyesema. Aweke duara kwenye jina la asiyesikika.

Jumanne iliyopita mwenzangu alinipa daftari likiwa na duara moja. Nilikuwa nimemwangalia mwanafunzi huyo mara tatu bila kumuuliza neno, kwa sababu alikuwa anatikisa kichwa kukubali, nami nikalichukua hilo kuwa jibu. Jumanne ijayo tuna zoezi la kifafa cha mimba. Jina lake nimeliandika nyuma ya kadi, na swali la kwanza, kwa Kiswahili, ni la kwake.